Kumbe Ni Wewe Kompyuta?

Jumapili moja, saa tisa mchana, nilisimama mbele ya akina mama 23 kwenye sebule moja Kayole, kuomba msamaha kwa kosa la programu yangu.

Mimi hutengeneza programu peke yangu. Sina ofisi wala mwenzangu. Nina laptopu, bando na bedsita yenye stima ya tokeni. Programu yangu ya kwanza ilikuwa ya kupanga ratiba ya siku, na nilidhani nitaiuzia dunia nzima. Niliijenga miezi minane. Wasee wakanisifu, wakaitumia bure, wakaisahau. Hakuna aliyelipa hata bob.

Ya pili ilitoka kwa mamangu. Yeye ni mweka hazina wa chama chao, na kila mwisho wa mwezi nilikuwa nikimwona amevaa miwani, simu mkono mmoja, kalamu mkono wa pili, akinakili ujumbe wa M-Pesa kwenye daftari: jina, kiasi, tarehe. M-Pesa ilianza 2007, lakini daftari la mama lilikuwa bado kazini. Nikaandika programu ndogo: unabandika ujumbe, inausoma, inajaza hesabu. Wiki tatu, ikawa tayari. Bei ni shilingi 300 kwa mwezi kwa kila chama. Mama akamwambia rafiki yake, naye akamwambia mwingine. Siku pesa za kwanza kutoka kwa mtu nisiyemjua zilipoingia, niliusoma ule ujumbe kama mara kumi hivi.

Halafu mweka hazina wa Kayole akanipigia. "Kijana, hebu kuja uone vile umetufanyia."

Kulikuwa na shosho mmoja pale, muuza mboga, ambaye mchango wake hutumwa na mjukuu aliye Mombasa. Ujumbe wa M-Pesa huja na jina la mwenye laini. Programu ikatafuta jina la mjukuu kwenye orodha ya wanachama, ikalikosa, ikazitupa zile pesa kwenye sehemu niliyoiita "Wasiojulikana". Huko hakuna aliyekuwa akiangalia, hata mimi. Miezi miwili mfululizo, shosho akaonekana hajalipa. Jina lake likasomwa mkutanoni mbele ya wote, akapigwa faini ya shilingi 200. Akalipa kimya. Alijua amechanga, lakini simu ilikuwa imesema hapana, na yeye angebishana vipi na simu?

Enzi za daftari, jambo hilo lisingetokea. Mweka hazina angeona jina la mjukuu, angecheka kidogo, halafu angeandika la shosho. Anawajua watu wake. Mimi nilikuwa nimeandika msimbo unaojua majina tu.

Kampuni kubwa ingemtuma mtu wa huduma kwa wateja. Ukiwa peke yako, ni wewe unapanda matatu. Niliwaeleza kosa bila maneno ya kompyuta, nikawarudishia shilingi 600 za miezi miwili. Wao wakamrudishia shosho faini yake, na mwenyekiti akatangaza kwa sauti kwamba hajawahi kudaiwa. Ile sauti ndiyo iliyonichoma. Nilikuwa nikidhani nawauzia urahisi wa kazi, kumbe nilikuwa nimeshika jina la mtu.

Usiku huo nilibadilisha kitu kidogo tu, mistari michache. Sasa programu ikikutana na jina geni haiamui chochote. Inasimama na kumuuliza mweka hazina: "Huyu anamlipia nani?" Hilo ni swali ambalo mama alikuwa akilijibu kichwani miaka yote, nami nimekaa karibu naye nikimtazama.

Nilipokuwa nikitoka pale Kayole, shosho alinishika mkono mlangoni, akaniangalia kutoka juu mpaka chini.

"Kumbe ni wewe kompyuta?"

"Ni mimi, shosho."

"Na umekonda hivyo? Rudi ndani unywe chai kwanza."