Somo la Uraia katika Nchi ya Singida

Yuko mwalimu wa aina moja apatikanaye katika kila mkoa, na Singida hakosekani. Huingia darasani na kitabu, akaandika ubaoni kuwa dola ina mihimili mitatu, akawataka watoto waitaje kwa sauti moja, kisha akatoka akiamini kuwa uraia umefundishwa. Watoto hawakosi hata neno. Lakini pengine siku hiyo hiyo, hatua chache kutoka shuleni, mkutano mkuu wa kijiji umeketi kusikiliza mapato na matumizi, na hapana mtoto aliyeambiwa kuwa jambo lile ndilo alilolikariri asubuhi. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imempa kila mkazi aliyetimiza miaka 18 kiti katika mkutano huo, na halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, huchaguliwa nao. Mtoto asiyepata kuuona mkutano huo ataketi ndani yake siku moja kama mgeni.

Majina ya somo hili yamebadilika upesi kuliko namna ya kulifundisha. Baada ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 iliitwa Siasa. Baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992 ikawa Uraia. Na tangu mwaka 2024 shule zimeanza somo la Historia ya Tanzania na Maadili.

Jina hilo la mwisho lina baraka yake, kwa kuwa Singida si maskini wa historia. Waturu husimulia habari za Liti, mwanamke aliyewapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na wasemao husema kuwa nyuki walikuwa jeshi lake. Uwanja wa mpira wa Singida mjini, uliokuwa ukiitwa Namfua, leo una jina lake. Kwa hiyo wako vijana wengi wanaolitamka jina hilo kwa ajili ya mabao tu. Mwalimu hodari hawaamrishi wanafunzi wasadiki habari ya nyuki, wala hawaruhusu kuicheka. Huwatuma kwa bibi na babu zao, kila mmoja alete kisa kama alivyokisikia. Visa vikikutana havilingani. Hapo ndipo darasa huanza kuuliza: nani alikuwapo, nani alisimuliwa, Mjerumani aliyejenga boma Mkalama angeandika nini juu ya mwanamke huyo, na kwa nini watu waliifadhili habari hii wakaziacha nyingine zipotee. Kijana aliyezoea kupima ushahidi wa mambo ya kale si rahisi kudanganywa kwa hesabu za kijiji.

Walakini kuheshimu utamaduni si kuusujudia. Mwalimu Nyerere, alipolihutubia Bunge Desemba 1962 na kuunda wizara ya utamaduni, alitaka mila zilizo bora zichaguliwe. Na kuchagua maana yake ni kuacha nyingine. Singida ni miongoni mwa mikoa ambamo ukeketaji umekawia kukoma, ingawa sheria ya mwaka 1998 imekataza kumkeketa msichana asiyetimiza miaka 18. Mwalimu anayesifu ngoma na kulinyamazia jambo hili amefundisha nusu ya somo, tena nusu iliyo nyepesi. Mwenye kuumia kwa kimya hicho ameketi mbele yake, na daftari mkononi.

Kuna jambo jingine linaloonekana dogo. Historia aghalabu huanza na Zama za Mawe, ambapo watu walikula mizizi, asali na nyama ya mawindo. Katika Wilaya ya Mkalama, upande wa Ziwa Eyasi, wako watoto wa Wahadzabe, ambao lugha yao haina ndugu anayejulikana duniani. Mtoto wa namna hiyo husikia chakula cha mama yake kikitajwa kuwa cha watu waliokwisha kupita, na wenzake Wanyiramba wakageuka kumtazama. Asiporudi shuleni wiki inayofuata, husemwa kuwa Wahadzabe hawapendi elimu. Heri mwalimu anayekifunga kitabu kwa kitambo, akamwomba mtoto huyo, kama yu radhi, awaeleze wenzake jinsi ndege anavyomwongoza mtu mpaka penye asali.