Sahani moja ya Mahoko

Wafanyakazi wa mashirika huniuliza, "Gisenyi tule wapi?" Wengi wanataka kandokando ya Kivu: sambaza za kukaanga, brosheti. Sawa, ni tamu. Mimi nawaambia washuke Mahoko, hapa Kanama, wale melanje.

Melanje unalipa mara moja, unapakua mara moja. Wali, viazi, ndizi, maharage, sombe. Nyama anakuwekea mama mwenyewe, kipande kimoja. Kurudi kuongeza, hapana! Ndiyo maana kupanga sahani ni ufundi: viazi vinakuwa ukuta, wali unakaa katikati.

Jumamosi moja, baada ya mechi, nilipeleka vijana watatu wa kambi ya Nkamira. Mmoja alijenga mulima kweli, tukamucheka. Akala maharage kidogo, nyama hakuigusa, akaomba mfuko.

"Melanje haibebwi," mama akasema.

"Ni ya mudogo wangu, mama. Ana homa, hajakula tangu jana."

Mama akatazama wateja wengine, kisha ile sahani. Akaleta mfuko, akafunga mwenyewe.

"Leo tu."

Mukienda, mufike kabla ya saa saba. Sombe inaisha haraka.