Mwaka Wangu Haukuanza Januari

Januari iliyopita nililia dukani. Nilidaiwa kodi ya miezi sita, cherehani ya pili nimeshaiuza, na hela za nguo za sikukuu zimeliwa zote. Watu wananitakia heri ya mwaka mpya, na mimi naona ule wa zamani umenishika pindo la gauni.

Siku zile nikasoma habari za kalenda ya Waebrania. Mishna, kitabu cha walimu wa Kiyahudi kilichokusanywa karibu mwaka 200, inataja mianzo minne ya mwaka. Tarehe 1 Nisani ni mwaka wa wafalme na sikukuu. Tarehe 1 Eluli ni wa zaka ya mifugo. Tarehe 1 Tishri ndiyo Rosh Hashana, siku ya baragumu. Tarehe 15 Shebati ni mwaka wa miti.

Nisani ulinigusa kwanza. Ukisoma Kutoka 12, Mungu aliwapa Waisraeli mwezi huo wa kwanza wakiwa bado Misri. Mwaka mpya uliwakuta utumwani!

Eluli ukanisuta. Mfugaji hatoi zaka bila kuhesabu zizi lake. Mimi nilikuwa naogopa kuhesabu kuliko nilivyoogopa deni lenyewe. Usiku huo nikachukua daftari, nikaandika kila kitu: vitambaa, ninaowadai, wanaonidai.

Lakini Shebati ndio ulionitoa machozi. Siku ya miti huangukia Januari au Februari, kwao ni baridi, miti mingi haina jani, ila mlozi unaanza kuchanua. Na siku hiyo hutumika kuhesabu umri wa mti, kwa sababu Walawi 19 inasema matunda ya miaka mitatu ya kwanza hayaliwi, ya mwaka wa nne ni ya Bwana, na wa tano ndipo mwenye shamba anakula. Duka langu lina miaka miwili, nami nimekula tangu tunda la kwanza: simu, michango ya harusi, sare za shughuli.

Hapa kisiwani tunalijua jambo hili. Kuna Januari, majirani zetu wana Muharram, na Makunduchi wanaoga mwaka mwezi wa Julai. Mlango wa kuanza upya si mmoja.

Deni halijaisha. Nimelipa miezi miwili, na faida ya cherehani iliyobaki siigusi. Nauacha mti ukue.

Na wewe dada yangu, zizi lako umelihesabu?