Serikali Mbili Ndani ya Redio Moja

Mwaka 1978 Muleba ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera tulilipata vita na Uganda vilipokuwa vimetupitia. Nyumbani kwetu Muleba, redio ya Kampala ilisikika vizuri kuliko ya Dar es Salaam. Redio Tanzania ilikuja na mikwaruzo, inafifia, inarudi, inafifia tena mtangazaji akifika penye neno lenyewe. Redio Uganda ilitulia tuli, utadhani mtangazaji amekaa nyuma ya migomba yetu.

Mwenye mamlaka juu ya redio alikuwa baba mdogo. Alikuwa dereva Kampala miaka ya sitini, Kiganda alikisikia kama Kihaya. Redio yenyewe ilikuwa National ya betri, imevikwa mkoba wa ngozi wenye vitobo mbele ya spika. Betri zikichoka zilianikwa juu ya bati tangu asubuhi, na mtoto aliyezigusa alijuta. Magazeti yalikuja kwa meli kutoka Mwanza, na *Uhuru* likitufikia lilikuwa limeshachakaa kwa kupita mikononi mwa watu wa Bukoba mjini. Habari, kwa hiyo, ilikuwa ni redio.

Oktoba hiyo Redio Uganda ilianza kutuambia kwamba sisi ndio tumewavamia. Majeshi ya Tanzania yameingia Uganda, yamechapwa, yanakimbia. Baba mdogo alitafsiri kwa lafudhi ile ile ya mtangazaji, hatii chumvi wala hapunguzi, halafu akazungusha kitufe kuitafuta Dar es Salaam. Jioni nilizokuwapo mimi, Dar es Salaam ilikuwa na ziara ya waziri na bei ya pamba. Wazee wakatazamana. Leo nikilifikiria lile tangazo la Kampala naona halikuwa na ajabu yoyote: anayetaka kupiga hodi na bunduki hutangulia kulia kwamba amepigwa yeye.

Kisha watu wakaanza kushuka kutoka kaskazini, wakiwakimbia askari wa Amin, mtawala wa Uganda. Kyaka, Minziro, vijiji vya ng'ambo ya Mto Kagera. Magodoro juu ya baiskeli, mbuzi wanaovutwa kwa kamba, wazee wanaosukumwa kwenye matoroli. Mama mmoja aliingia uani kwetu na chungu cha maharage kichwani, kimefunikwa kwa jani la mgomba. Maharage hayakuwa yameiva. Alikuwa ameyaepua jikoni kwake aliposikia mizinga, akaondoka nayo hivyo hivyo. Mama yangu hakumwuliza kitu; alichochea moto, wakayapika mpaka yakaiva, tukala. Muda wote huo Redio Tanzania ilikuwa ikipiga muziki wa dansi.

Tarehe 2 Novemba ndipo Mwalimu Nyerere alipozungumza na wazee wa Dar es Salaam, Ukumbi wa Diamond Jubilee, na hotuba ikarushwa redioni. Sina haja ya kuirudia. Kila Mtanzania wa rika langu anaijua ile hesabu ya uwezo, sababu na nia. Ninachokumbuka mimi ni yule mama wa maharage. Alisikiliza akiwa amesimama, mkono kiunoni, na Mwalimu alipotamka kwamba tutampiga Amin, akaketi. Mtu wa mbali alikuwa amesema jambo alilolijua yeye kabla ya mtu huyo, na kulisikia likisemwa kulimpa nguvu ambayo sisi tuliompa chakula hatukuweza kumpa.

Kuanzia hapo redio ikawa mali ya vita. Saa mbili usiku ngoma ikilia, uani palijaa. Taarifa ya habari yenyewe ilikuwa kavu. Moto ulikuwa kwenye Mazungumzo Baada ya Habari, pale nduli Amin alipovuliwa nguo usiku baada ya usiku, kwa Kiswahili kitamu mno hata watoto tukakariri matusi yake na kuyatumia kwenye mpira. Lakini kilichotunasa zaidi, kwa maoni yangu, ni michango. Kijiji fulani kimetoa ng'ombe kadhaa, shule fulani magunia ya mahindi, wafanyakazi wa kiwanda fulani mshahara wa siku. Orodha ndefu, isiyo na utamu wowote, na bado hakuna aliyeondoka. Kila mtu alisubiri kijiji chake. Siku ya kwetu ilipofika, mtangazaji alilivunjavunja jina la kijiji, watu wakapiga vigelegele hata idadi ya mikungu ya ndizi haikusikika. Baada ya hapo hukuhitaji kumshawishi mtu wa kwetu kuhusu vita. Alikuwa ameshatajwa.

Januari 1979 majeshi yetu yakavuka Mutukula, na hapo redio ikaanza kutafuta maneno. Wanaosonga mbele, tuliambiwa, ni wapiganaji wa Uganda wanaojikomboa. Walikuwepo kweli, siwanyimi haki yao. Ila Muleba ipo kando ya barabara, na malori yaliyojaa vijana tuliyahesabu kwa macho. Walisimama kununua ndizi, wakaomba maji, wakaimba. Baba mdogo alisikiliza taarifa mpaka mwisho, akasema, "Hawa Waganda wa siku hizi wanajua Kisukuma vizuri kweli." Watu walicheka, lakini kwa sauti ya chini.

Masaka, huko Uganda, ilipoanguka mwishoni mwa Februari tulipata habari kwa BBC, idhaa ya Kiswahili, redio imewekwa karibu na sikio. Hakuna aliyekuwa ametukataza. Tulipunguza sauti wenyewe. Machi, Mwalimu mwenyewe akatangaza kwamba Libya inatupa saa 24 tuondoke, na kwamba askari wake wako upande wa Amin. Taifa likaelezwa waziwazi jambo zito kuliko lile lililofichwa. Nimejaribu kuipata kanuni yake. Naona kilichotujengea hasira kilisemwa, na kilichoweza kutufanya tuulize mambo kilicheleweshwa. Uongo wa Kampala tuliukamata siku ile ile kwa sababu tulikuwa tunaishi ndani yake. Ukimya wa kwetu tuliubeba bila manung'uniko, maana haki ilikuwa upande wetu na watu wa Kyaka walikuwa bado wamelala sebuleni.

Aprili 11, Kampala ilipotekwa, Oyite-Ojok, mmoja wa makamanda wa wapiganaji wa Uganda, alitangaza kupitia Redio Uganda hiyo hiyo kwamba utawala wa Amin umekwisha. Ilisikika tuli, kama kawaida yake. Rubisi ilinywewa mpaka asubuhi.

Kisha tukaambiwa tufunge mikanda kwa miezi 18, nchi ijirudishe. Kiwanda cha sukari cha Kagera kilikuwa kimeporwa, kwa hiyo sisi sukari tuliikosa mapema kuliko wengine. Miezi hiyo ilirudiwa redioni mpaka ikawa kama kibwagizo, halafu ikaanza kutajwa mara mojamoja, halafu sikuisikia tena. Sabuni haikurudi. Kwenye mkutano wa kijiji baba mdogo alinyoosha mkono, akamwuliza kiongozi mmoja aliyetoka wilayani kama ile miezi 18 imekwisha, maana redio haijatangaza.

Kiongozi alifungua daftari lake, akalifunga, akajibu kwamba suala hilo bado hajaletewa maelekezo.