Mbuzi wa Kwetu, Sungura wa Kwao

Mkahawa wenyewe haukuwa na mlango. Ulikuwa ni ukumbi wa nyumba ulioachwa wazi upande wa kichochoro: meza tano za chuma, viti vya plastiki visivyo migongo, na masufuria matatu makubwa ambayo mama mwenye nyumba aliyafunua moja moja ili nijionee mwenyewe, kwani maandishi ya ukutani hayakunifaa kitu. Mahali hapo ni Bangkok, mtaa wa Bang Rak, hatua chache kutoka Msikiti wa Haroon, na kwa baht 60 nilishiba.

Nilifikishwa huko na njaa niliyoionea haya. Dada yangu, Mungu amrehemu, alikuwa amelazwa katika hospitali moja ya mji ule, siku ya nne baada ya kupasuliwa tumbo, na tangu azindukane hakutia kinywani ila maji na vijiko viwili vya uji. Si kwamba chakula cha hospitali kilikuwa kibaya. "Hakina mtu ndani yake," alisema, akalisukuma sinia. Huyu ndiye aliyenilea kwa vitumbua baada ya wazee wetu kufariki. Kila alfajiri nikiamshwa na mkwaruzo wa mbuzi yake ndani ya kifuu. Nami, niliyevukishwa bahari kwa michango ya ukoo mzima ili nimuuguze, nilitoka wodini adhuhuri ile nikala kama mtu aliyeokolewa jangwani.

Nilikula khao mok kai: wali wa manjano uliofunikiwa pamoja na kuku, juu yake kitunguu kilichokaangwa kikakauka, pembeni tango na mchuzi wa kijani wa nanaa na pilipili, mkali na mtamu kwa pamoja. Mtu wa kwetu angeuita biriani, kisha angekaa kitako kubisha kwamba si biriani. Siku ya pili nikala massaman, nyama iliyopikwa kwa tui, viazi na njugu, inukayo mdalasini, iliki na karafuu. Wengi husema kuwa jina hilo limetokana na Musulmani, yaani chakula cha Waislamu. Na kwa wapenzi wa mashairi niongeze hili: Mfalme Rama II, aliyetawala tangu 1809 hadi 1824, ndiye anayehesabiwa kuwa mtungaji wa shairi la wapiga makasia linalosifu vyakula, na mchuzi huu ndio unaolifungua. Si kila mfalme aliyewahi kuchungulia sufuria.

Jioni ile dada alinigeuzia uso.

"Unanuka karafuu. Umekula wapi?"

"Mkate tu, dada."

"Mkate wa karafuu?"

Alinitazama vile alivyokuwa akinitazama utotoni kitumbua kimoja kilipopungua kwenye hesabu. Nikakiri yote, hata bei.

Kesho yake nilimweleza mwenye mkahawa habari ya mgonjwa wangu. Kijana wake alitufasiria kwa Kiingereza cha kuokoteza. Yule mama aliniita "bang", neno ambalo Waislamu wa huko humwitia kaka, akaniashiria nikae. Alinipikia supu ya kuku ya tui, yenye mchaichai, majani ya mdimu na mzizi mmoja wa jamii ya tangawizi, bila ya pilipili hata chembe. Nilipomwona akitenga tui zito na tui jepesi katika bakuli mbili, niliuliza majina yake. La kwanza huliita kichwa cha tui, la pili mkia. Nikamwambia kwamba kwetu lile la kwanza ni kasimile. Alijaribu kulitamka, tukacheka sote.

Ndipo nilipokiona, juu ya rafu, kinyama cha mti kilichochakaa mgongo, kimetoa mdomoni ulimi wa chuma wenye meno. Siku hizi nazi yake hununua sokoni ikiwa imeshakunwa kwa mashine; kile kilikuwa cha marehemu mama yake. Nikauliza kinaitwaje. Kijana akafikiri, akaweka viganja viwili kichwani kama masikio: sungura. Naam, Wathai hukunia nazi kwa sungura.

Supu nilifungiwa katika mfuko wa plastiki uliokazwa kwa mpira, nikaubeba kifuani kama mtoto mchanga. Dada alionja kijiko kimoja, akafumba macho. "Tui la leo hili," akasema. Akanywa nusu bakuli. Nikamsimulia habari za sungura, naye akacheka kicheko chake cha zamani, huku ameukamata mshono kwa mikono miwili na kunisihi nisimuue.

Usiku, nilipodhani ameshalala, aliniita.

"Mdogo wangu, kesho kamuulize bibi yule. Huyo sungura hupandwa kama farasi, au hukaliwa upande?"

Nilimuuliza. Yule mama hakungoja tafsiri imalizike. Alimteremsha sungura, akampangusa vumbi kwa upindo wa mtandio, akakaa juu yake kwa upande, magoti pamoja, akainua mikono kama aliyeshika kifuu. Nikarudi mbio na supu na majibu.

"Kwa upande," nilimwambia dada.

"Haya," akasema, akanyoosha mkono kupokea bakuli. "Basi ni watu wa kwao."