Utakula rangi?

Ukitaka kumnyima mzee usingizi hapa Karagwe, mwambie unataka kuwa mchoraji. Kahawa anaijua, ndizi anazijua, ng'ombe ndiyo usiseme. Ualimu una mshahara. Lakini brashi? "Utakula rangi?" Hapo ujue mazungumzo yamekwisha.

Nina mshikaji wangu pale Omurushaka, miaka 24, swali hilo kaulizwa mpaka kalizoea. Anachora ukutani kwenye saluni na vibanda vya chipsi: vichwa vilivyonyolewa panki, kuku wa kukaanga, simu. Mvua ikianza, hana kazi. Sasa baba yake kamwambia msimu wa kahawa ukiisha awe ameamua, arudi shamba kule Nkwenda au ajitegemee moja kwa moja.

Mimi namtajia mtu mmoja tu, George Lilanga. Tingatinga kila mtu anamjua, mtindo umebeba jina lake. Lilanga alikwenda njia yake. Alizaliwa 1934 kule kusini kwa Wamakonde, akaanza kwa kuchonga vinyago. Aliingia Dar mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kazi aliyoipata Nyumba ya Sanaa, bwana, ilikuwa ya ulinzi! Mtu anakaribia miaka 40, analinda. Baadaye ndipo akafanya kazi humo humo kama msanii: batiki, mabati, mwisho rangi ya kung'aa juu ya hadibodi. Alichora mashetani yenye masikio makubwa na matumbo, yanacheza, yanapiga soga kama watu wa kijiweni. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington, Marekani. Piga hesabu: alikuwa na miaka 44. Hata kisukari kilipomfanya akatwe miguu aliendelea kuchora, wasaidizi wakimsaidia, mpaka alipofariki 2005.

Kwa hiyo mshikaji ana muda. Tatizo ni kwamba Lilanga alilinda mahali penye rangi, wasanii wenzake na wateja. Hapa Kayanga saluni zimejaa, ukumbi wa picha mimi sijauona. Kyerwa ndiyo usiulize. Ndiyo maana wanaomwambia "una kipaji, Mungu atafungua njia" wananiudhi kuliko baba yake. Mzee angalau anauliza habari ya chakula. Ushauri wangu: kuta za saluni ziwe ndiyo ulinzi wake, na kila mwezi achore hadibodi moja ya kwake mwenyewe. Mashetani awaachie wenyewe, Dar yamejaa.

Moja anayo tayari, kaificha nyuma ya kitanda. Kinamama wanaanika kahawa, mmoja kampa mchoraji mgongo makusudi, na ukiuangalia ule mgongo unajua kabisa kachoka. Baba yake hajaiona. Nimemwambia aipande nayo pikipiki mpaka Nkwenda kabla kahawa haijaanuliwa. Anadai eti bado haijakauka. Ina miezi mitatu!