Mgongo wa Jokofu

Jokofu halitengenezi baridi. Kauli hii huwashangaza hata watu waliotumia nusu ya maisha yao wakilifungua na kulifunga, lakini ndiyo msingi wa kazi yake: hulitoa joto lililo ndani na kulitupa nje. Sikio la Mswahili likilitega neno lenyewe husikia joko, tanuri la kuchomea vyungu, kisha -fu, yaani lililokufa. Tanuri hilo, hata hivyo, halikufa, limehamia mgongoni. Anayeweka mkono nyuma ya jokofu la hoteli hukuta hewa ya moto, na moto huo ndio uliokuwa ndani ya maziwa, kuku na mchuzi wa jana.

Hapo ndipo huzuka dhuluma ndogo ya jikoni. Usafi unaosifiwa ni ule wa mbele: mlango wa chuma unaong'aa, rafu zisizo na doa. Usafi unaolipa jokofu pumzi uko nyuma au chini, penye kondensa, wavu wa mabomba membamba na mapezi ya alumini ambao hakuna mgeni wala, aghalabu, meneja anayeutazama. Katika jiko la biashara mvuke wa mafuta ya kukaangia huelea hewani, hukutana na vumbi la unga na nyuzi za vitambaa, na vyote hunaswa kwenye mapezi hayo mpaka yakavaa kitu kama blanketi. Joto likikosa pa kutokea, kompresa huzunguka muda mrefu zaidi, hula umeme zaidi, na mwisho wake huungua.

Mama mmoja mzaliwa wa Tanga, aliyefanya zamu ya usiku kwa miaka mingi katika jiko la hoteli moja jijini London, alilijua blanketi hilo kwa vidole vyake. Alizima umeme kwanza, kisha akapitisha brashi laini kwa kufuata mwelekeo wa mapezi, kamwe si kwa kuyakata, maana alumini ile hujikunja kama karatasi, na pezi lililolala huziba hewa sawasawa na uchafu. Mipira ya milango aliiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, akiingiza mswaki katika mikunjo ambamo ukungu mweusi hupenda kujificha. Halafu alifunga mlango juu ya kipande cha karatasi na kukivuta. Kikichomoka bila kukaza, mpira umechoka.

Barafu nayo ina kejeli yake. Neno hili Kiswahili kimelipata kutoka Kiajemi, ambako maana yake ni theluji. Tabaka lake likijijenga juu ya mabomba ya ndani, wengi hudhani jokofu limezidi ubaridi, kumbe limevishwa koti linalozuia joto lisichukuliwe. Dawa yake ni kuzima na kungoja iyeyuke. Mwenye haraka huchukua kisu. Kisu kikitoboa bomba gesi hutoka, na madhara hayabaki jikoni. Gesi kama R-134a, ambayo bado imo katika majokofu mengi ya zamani, hunasa joto angani zaidi ya mara 1,000 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi. Makubaliano ya kupunguza gesi za jamii hiyo yalifikiwa Kigali mwezi Oktoba 2016, kama marekebisho ya Itifaki ya Montreal ya 1987. Kisu cha mpishi wa London, basi, kina kesi ya kujibu Rwanda.

Baridi haiui vijidudu. Huvipunguzia mwendo tu. Listeria huendelea kuzaana hata ndani ya jokofu, na hupenda penye unyevu, kama kwenye tundu la kutolea maji ambalo hakuna anayelikumbuka. Kwa sababu hiyo mpangilio wa kazi haupinduliwi: chakula huhamishwa, uchafu huoshwa kwa sabuni na kusuuzwa, ndipo dawa ya kuua vijidudu hupakwa na kuachwa kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Dawa iliyopuliziwa juu ya utando wa mafuta ni manukato.

Sheria ya England hutaka chakula kinachohitaji baridi kisizidi nyuzi 8 za Selsiasi, na ushauri wa kawaida ni 5 au chini yake. Kwa hiyo majiko huweka daftari la joto, na daftari hilo laweza kuficha uchafu kuliko kondensa yoyote. Hotelini pale, safu ya wiki nzima ilisomeka 4, 4, 4, kwa wino mmoja na mwandiko mmoja.

“Mama, andika nne tu, tuwahi basi,” alisema usiku mmoja kijana wa Unguja aliyekuwa naye zamu.

“Hiyo nne umeiona wapi, mwanangu?”

Akachomeka kipimajoto katikati ya pakiti za kuku, kwa kuwa tarakimu za mlangoni husoma hewa, hazisomi nyama. Kilisoma 11. Jokofu lile lilikuwa limesukumwa hadi ukutani tangu siku lilipoletwa, na mgongo wake haukuwahi kuguswa. Kuku wote walitupwa, na krimu, na trei mbili za samaki. Asubuhi meneja angelalamikia hasara. Mama aliandika 11, akaongeza saa na jina lake. Kijana akashika upande wa pili, wakalivuta jokofu kutoka ukutani.